Bangili Iliyochimbuliwa Sigino

Jovita wa Nangara hutengeneza bangili na hereni kwa pembe za ng'ombe na shaba chakavu. Wageni humsifu kwamba kwake hakitupwi kitu. Lakini mnadani, kina mama huuliza kwanza, "Hii ilikuwa ya nani?"

"Moto umeshaisafisha, mama," alikuwa akijibu.

Wengi waliirudisha mezani, wakaenda kununua za dukani zinazong'aa na kubabuka baada ya wiki mbili. Jovita aliwaona washamba.

Mwaka jana Mama Brayson, mkulima wa Mutuka, alinunua bangili nene ya shaba ya njano. Siku ya nne alimfuata Jovita nyumbani.

"Twende kwangu. Mama mkwe anakuita."

Mama mkwe huyo, Bibi Katarina, ni kipofu. Walimkuta uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, bibi."

Bibi aliweka ungo chini. Aliupapasa mkono wa mkwewe mpaka akaifikia bangili.

"Veronica," alisema.

"Ni marehemu dada yake," Mama Brayson alinong'ona. "Tangu niivae ananiita hivyo."

"Tulimzika nayo Sigino," bibi alisema. "Nilimvalisha mwenyewe."

"Bibi, hii niliiyeyusha. Hata umbo lake la zamani halipo."

"Umbo nililisahau. Naujua ubaridi wake."

Jovita aliigusa. Jua lilikuwa la utosi, na bangili ilikuwa baridi kama maji ya mtungini.

Alikwenda moja kwa moja kwa Paskali, aliyemuuzia ile shaba. Paskali aliangalia chini.

"Trekta ililima shamba la zamani kule Sigino. Niliokota kwenye udongo."

"Kulikuwa na mifupa?"

Paskali alianza kufunga gunia lake.

Jumamosi waliipeleka bangili Sigino, wakaifukia pembeni mwa shamba. Bibi Katarina alitia udongo kwa mikono yake, akasali, kisha akamshika Jovita kiwiko.

"Zilikuwa mbili, mjukuu wangu. Moja kila mkono."

Jovita alikumbuka kuwa Paskali alimuuzia zote mbili. Ile ya pili alishaifanya hereni, na mwanamke aliyezinunua mnadani hamkumbuki hata sura.

Siku hizi Jovita hawashi moto kabla hajajua kila kipande kimetoka wapi, na shaba ya Paskali haipokei tena. Kila mnada hufika mapema, akapita katikati ya watu akitazama masikio ya wanawake. Hereni zile hajaziona mpaka leo.