Sehemu Mia za Mudathiru

Mwaka 1998 maabara ya zahanati yetu ya Gisenyi ilikuwa na wafanyakazi watatu: Mudathiru, msaidizi wake Umurerwa, na jua. Taa ya hadubini ilikuwa imeungua, na nyingine ilisemekana iko njiani kutoka Kigali. Basi kijioo cha chini kikageuziwa dirishani, na wagonjwa wa kifua wakawa wanakaa benchini kungoja mawingu yaondoke juu ya ziwa. Siku hizi majibu yanatoka kabla mtu hajakaa vizuri, na hakuna tena anayemjua mwenzake kwa kikohozi chake.

Mudathiru, mtoto wa wauza vitambaa wa mtaa wa Waislamu, alikuwa na sheria moja. Makohozi yakishapakwa kwenye kipande cha kioo na kutiwa rangi, kioo hicho kinasomwa sehemu mia kwenye hadubini kabla ya kuandika kwamba ni safi, hakina vijidudu vya kifua kikuu. Tisini na tisa si mia. Umurerwa aliwahi kuishia themanini, akafundishwa upya mbele ya wagonjwa, ambao walilifuata somo kwa furaha.

Mwezi wa sita Mudathiru akaanza kukohoa. Akasema ni vumbi la makaa. Wiki ya tatu alijipima kwa siri, akasoma sehemu arobaini, akaridhika. Baada ya miaka kumi na tisa ya kusoma vioo vya watu, alijiona anastahili punguzo.

Suruali ziliendelea kumpwaya. Ndipo akatema makohozi tena, akaandika kwenye kioo jina la kubuni, "Wellars, Kanzenze", akakichomeka katikati ya vioo vya Umurerwa. Macho ya mtu mwingine hakuyaamini. Ya Umurerwa aliyafundisha mwenyewe.

Saa tano, jua likiwa zuri, Umurerwa akainua kichwa kutoka kwenye hadubini.

"Muzee, huyu Wellars amejaa. Sehemu ya tatu tu, vijiti vyekundu tayari."

"Soma mpaka mia."

"Mutu akiwa nayo hatufike mia. Ni wewe ulisema."

Umurerwa akaandika kwenye daftari.

"Hakuacha hata adresi. Bon, kesho mi naenda Kanzenze kumutafuta. Iko musafara ya asubuhi."

Mwaka ule magari ya barabara ile yalifuatana na askari kwa hofu ya waasi, na si yote yaliyorudi. Mudathiru alifuta lenzi iliyokuwa safi. Akaifuta tena.

"Usiende."

"Mutu anaambukiza watoto yake, mi nikae hapa?"

"Kule haiko."

"Amekufa?"

"Bado."

Umurerwa alimtazama, akaitazama suruali iliyofungwa kwa kamba, akakaa.

"Ulijipima? Ulisoma ngapi?"

"Arobaini."

"Na mi ulinifedhehesha kwa themanini, Muzee."

"Ndiyo."

Hakumcheka, ingawa haki alikuwa nayo. Alimpa kalamu. Mudathiru akakata jina la Wellars kwa mstari mmoja, akaandika lake kwa mwandiko ule ule uliokwisha kuwapa habari hiyo mamia ya watu. Kisha akatoka, akazunguka jengo, akaketi benchini upande wa wagonjwa. Wakamsogezea nafasi bila kuuliza. Mama mmoja wa Nyundo, aliyekuwa katika mwezi wa pili wa dawa, akamwinamia.

"Kesho mukojo itatoka nyekundu, Muzee. Usishituke, ni dawa."

Mudathiru, aliyemwambia mama huyo maneno hayo hayo siku alipoanza dawa, akamshukuru kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza.