Kitanda cha Msaji

Mume wangu ni fundi wa mbao pale Keroka, na ana kiburi kimoja: hapigi msumari kwenye kitanda. Anachonga ulimi kwenye ubao huu, anatoboa tundu kwenye ule, anapaka gundi, basi. Kwa mgrevilia na mkaratusi, miti yetu ya huku, hajawahi kuaibika.

Mama yangu alipoteleza shambani kwenye majani chai kule Nyamira akavunjika nyonga, daktari alitaka kitanda kilichoinuka, kisichoyumba, ili mama ajifunze kusimama mwenyewe. Asipoanza mapema, alituonya, huenda asitembee tena. Mume wangu akaona mbao za huku hazimfai mama mkwe. Akanunua msaji uliotoka Tanzania.

Sijaona mti wenye maringo vile. Randa iliisha makali mpaka fundi akawa ananoa zaidi kuliko anavyoranda. Ulinuka ngozi ya viatu vipya, na vumbi lake lilinata mikononi kama nimetoka kukaanga mandazi. Hauliwi na mchwa, hauvimbi kwa unyevu, mume wangu alinihubiria kutwa. Nilimwacha ahubiri kwa sababu ulikuwa mzuri kweli, rangi ya asali.

Tukakipeleka, mama akakilalia. Siku chache baadaye muuza mbao alipita karakana, akauliza, kwa mazungumzo tu, kama tulipangusa ndimi kwa spiriti kabla ya gundi, maana msaji una mafuta ndani na gundi haishiki juu ya mafuta. Mume wangu alikaa chini palepale kwenye takataka za randa. Tulifunga karakana mchana huohuo tukashika njia ya Nyamira.

Sasa kuna jambo. Kwetu Wagusii mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, na kitanda chake akishakilalia, mkwe hakigusi; hata neno la mama kwake hupitia kwangu. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima isiyojali kama nyonga imevunjika. Kwa hiyo fundi alisimama nje ya dirisha akitazama migomba, na mimi, mshonaji wa sare za shule, nikaingia na nyundo. Nilikuwa na hasira, na woga zaidi ya hasira.

“Tikisa mguu wa upande wa kichwa,” akasema kutoka nje.

Nikatikisa. Ulimi ulichomoka kidogo, ukucha wangu ukapenya kwenye mwanya kati ya mbao. Na mama alikuwa juu yake!

“Mwambie mkwe wangu,” mama akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “hii kitanda inalia tangu Sabato. Nilinyamaza nisimwaibishe. Ndiyo maana sijajaribu kuinuka.”

Kumbe alikuwa amelala tuli siku zote hizo, kwa adabu tu, huku nyonga ikiganda.

Mimi na jirani tulimhamishia godoro sakafuni. Nikagonga viungo vikaachana, nikakwangua gundi kuukuu, nikapangusa ndimi kwa spiriti mpaka kitambaa kikaacha kutoka na umanjano. “Paka gundi sasa, usingoje, mafuta yatarudi!” fundi alipiga kelele, bado akiangalia migomba. Nikapaka, nikafunga kamba, nikaisokota kwa kijiti mpaka mbao zikang’ang’aniana. Mshono wangu haujawahi kunitoa jasho vile.

Kesho yake tulifungua kamba na kumrudisha mama. Nilitikisa kila mguu, kitanda hakikujibu. Mama akaketi ukingoni, akaushika ubao wa kichwani, akavuta pumzi. Nilinyoosha mikono kumdaka. Akaipiga kofi.

Kisha akainuka.

“Mbona kimya?” mume wangu akauliza huko nje. “Kimevunjika?”

Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa nalia kwa nafuu, maneno hayatoki. Mama alinitazama, akaona leo hana mtu wa kumtuma. Akageuza uso kuelekea dirishani.

“Nimesimama, baba,” akamwambia.