Norah na Mistari Mitano

Njia ya mwongo ni fupi, ila ya Norah ilikuwa imefika miaka ishirini na miwili. Miaka hiyo yote alifundisha muziki katika shule moja ya msingi huko Shauri Moyo, akipeleka kwaya mashindanoni na kurudi na vikombe, na hakuna aliyejua kwamba mwalimu huyu hawezi kusoma noti za mistari mitano.

Alichoweza kusoma ni herufi. Kanisani kwao tangu utotoni nyimbo ziliandikwa d, r, m, s, yaani doh, reh, mi, soh, naye aliziimba kama mtu anayesoma gazeti. Akipewa karatasi ya mistari, alitafuta rekodi ya wimbo, akausikiliza mezani nyumbani kwake mtaa wa Umoja, akaandika herufi kwa penseli chini ya noti, akazikariri, kisha akazifuta. Vifutio alivyomaliza vingetosha darasa zima.

Halafu chuo kikuu kimoja mjini kikaanzisha kozi ya uzamili kwa walimu wa muziki, ya kufundisha watoto kusoma noti kwa kuimba, bila piano. Mwalimu mkuu alimpigania ruhusa hadi akaipata, na Norah akakosa pa kukimbilia. Ijumaa ya wiki ya kwanza kila mwanafunzi angeimba papo hapo, kwa kusoma noti, wimbo asioujua, na ambaye angeshindwa angerudi alikotoka. Hilo ndilo lililomnyima usingizi: angewaangaliaje walimu wenzake?

Ijumaa ikafika, penseli zikaachwa mlangoni. Watatu waliomtangulia walikuwa wapiga piano hodari. Vidole vyao vilicheza mapajani, majina ya noti waliyajua yote, lakini sauti zilitangatanga. Zamu ya Norah ilipofika, alisimama na karatasi yake. Mficha uchi hazai, akajisemea.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ya chini, "doh iko wapi?"

Daktari Wakoli, mhadhiri wao, aliinuka akaweka kidole kwenye mstari wa pili kutoka chini. "Hapa."

Basi noti ya mstari uliofuata ikawa m, na ya mstari wa juu yake s. Zilikuwa herufi zake zilezile, zimepanda ngazi tu. Akaimba mpaka mwisho, akakosea mara moja na kujisahihisha mwenyewe.

Wakoli akawageukia wengine. "Swali lake ndilo somo letu la Jumatatu," alisema. "Tutaanzia hapo."

Norah alienda chooni akalia kwa furaha, akanawa uso, akarudi kuketi kama mtu asiye na habari.

Jioni alikiri yote kwa mumewe, kuanzia penseli hadi kidole cha Wakoli. Omolo, mwimbaji wa sauti ya teno katika kwaya ya kanisa lao, alisikiliza hadi mwisho.

"Mama Celine, hiyo nilijua kitambo."

"Na ukanyamaza?"

"Kila wiki mimi ndio napanguza uchafu wa kifutio hapa mezani. Ningesema nini, na mwalimu ni wewe?"

Norah alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachukua kitambaa, akaipanguza meza mwenyewe.