Neno la Siri la Sauti Nne

Kwaya yetu ya Vwawa ilipata kompyuta kabla haijapata hata kabati la kutunzia majoho. Ilikuja kwa urafiki wa kanisa letu na kanisa moja la ng'ambo. Kijana aliyeileta alikaa kwetu majuma machache akinifundisha mimi, kwa sababu katika kwaya nzima ni mimi tu niliyewahi kugusa kompyuta. Nilikuwa nimefanya kazi Tunduma kwenye ofisi ya wakala wa forodha, nikichapa nyaraka za malori yaliyokuwa yakivuka kwenda Zambia, mpaka mama alipoanza kuugua nikarudi nyumbani.

Mashine ile ilitumia mfumo huria. Kijana alinieleza kwamba mfumo wa namna hiyo hauna tajiri mmoja anayekaa na siri zake: unaruhusiwa kuufungua, kuubadili, na kumgawia jirani bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye ofisi ambayo bosi alifunga hata saa ya kwenye skrini ili tusiiguse. Nilifurahi kama mtu aliyepewa nyumba pamoja na funguo zake.

Mwaka huo tulirekodi nyimbo zetu humo humo kanisani, mablanketi yakiwa yametundikwa madirishani kuzuia kelele za pikipiki. Mama ndiye aliyekuwa mwanzishaji wetu wa nyimbo. Mimi nilikuwa sauti ya pili, na kaka yangu ndiye aliyeongoza besi. Mama aliimba wimbo alioutunga mwenyewe kwa Kinyiha, wa wanawake wanaochuma kahawa huku wakiwaza watoto walioondoka. Aliuimba ameketi, maana kusimama kulikuwa kumeshaanza kumshinda. Kabla ya msimu uliofuata wa kahawa tulimzika. Picha zake tulikuwa nazo nyingi, lakini sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, ndani ya ile kompyuta.

Haukupita muda, mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu alikwenda Tunduma kununua mabati, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye simu. Alirudi amejaa hasira. Nyimbo zetu zilikuwa zimetoka kabla hatujazizindua, na aliyezitoa hakujulikana. Alikuwa amechukua zile za kuchezeka tu. Wa mama hakuugusa, na mimi nilichukia hata hilo, kwamba mwizi mzima hakuona kitu cha kuiba pale.

Kikaitishwa kikao. Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, na kama mwana kikoba yeyote aliamini kwamba kitu hakiwi salama mpaka kiwe na kufuli zaidi ya moja na kila ufunguo ulale nyumba tofauti. Akapendekeza tufanye vivyo hivyo kwenye kompyuta. Rekodi zifungwe, zifunguliwe kupitia akaunti ya msimamizi wa mashine peke yake, na neno la siri la msimamizi likatwe vipande vinne, kila sauti na kipande chake. Watu walipiga makofi. Nikaifanya kazi hiyo, na kwa kweli niliifanya vizuri.

Mngetuona siku ya kufungua! Kiongozi wa sauti ya kwanza anakaa, wengine wanageukia ukutani, anaandika chake, anainuka. Anakuja wa pili, mpaka besi. Mfumo ule ukiandika neno la siri hauonyeshi chochote kwenye skrini, hata nyota, kwa hiyo kila mmoja alikuwa akiuliza, "Imeingia? Imeingia kweli?" Tukikosea tunaanza upya, na lawama zote zinawaangukia sauti ya tatu. Nilicheka sana siku zile.

Jambo moja nilimwambia mwalimu mapema, tukiwa wawili. Nilimwambia kwamba katika mashine kama hii, aliyekaa mbele yake ndiye mwenye mamlaka. Ukiiwasha upya na kuchagua mstari wa ukarabati kwenye orodha inayojitokeza mwanzo, inakupa uwezo wote wa msimamizi bila kukuuliza neno la siri. Iliwekwa hivyo makusudi, ili mtu akisahau neno lake asije akaitupa mashine yake mwenyewe. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema, "Hilo usiwaambie, dada. Waache walale." Nikanyamaza, kwa sababu yeye ndiye mwalimu.

Kisha kaka yangu akagombana na wazee wa kanisa kuhusu magitaa, akahamia kwa wale waliokuwa wakisali kwenye hema upande wa pili wa barabara. Aliondoka na kipande cha besi kichwani. Hatukuweza tena kufungua rekodi. Baada ya muda akatuma ujumbe: atatupa kipande chake, nasi tumpe nakala ya wimbo wa mama. Hakutaka kingine chochote. Mimi niliona ombi la haki kabisa, na nilidhani kila mwenye mama ataliona hivyo.

Kikao kilikuwa kikali. Walisema aliyeondoka hachukui mali ya kwaya. Walisema anatutia kamba shingoni. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akanigeukia: "Wewe si ndugu yake? Muulize hiyo sehemu, utuletee." Nikamjibu kwamba sitamwibia kaka yangu kilicho kichwani mwake. Ndipo mwalimu akakohoa, akaniuliza mbele ya wote, "Hivi hakuna njia nyingine ya kuifungua?"

Nilimtazama. Alinikazia macho kama mtu asiyejua lolote. Nikasema, "Ipo. Ipo tangu siku ya kwanza, na wewe mwalimu unaijua."

Mwalimu akainamisha kichwa. Nikainuka, nikaizima mashine, nikaiwasha, nikachagua ule mstari, nikaandika maneno machache na kuweka neno la siri jipya. Chai waliyokuwa wamemiminiwa ilikuwa bado ina mvuke. Folda ya rekodi ikafunguka, na wimbo wa mama ukawa pale, tofauti na nyingine kwa urefu wake tu.

Flashi ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikuichomeka. Niligeuka nikawaambia, "Ningeweza kunakili sasa hivi na hakuna ambaye angenizuia. Lakini nawaomba. Ni mama yetu." Nilidhani wataona heshima niliyowapa. Walichoona ni mtu ambaye vipande vyao vyote vinne havikuwa kitu mbele yake. Yule mama wa sauti ya kwanza akauliza polepole, "Kwa hiyo siku zote tulizokuwa tunageukia ukutani, wewe ulikuwa unatutazama tu?"

Walisema suala litapelekwa kwa wazee. Jumapili iliyofuata nikakuta kompyuta imehamishiwa stoo ya kanisa, mlango una kufuli kubwa la chuma, na ufunguo anao mzee mmoja ambaye hajawahi kushika hata simu ya kubonyeza. Hapo nilikwama. Kufuli la namna ile halina mstari wa ukarabati. Kaka aliponiuliza kama angalau nilinakili, nikasema hapana, akaniangalia muda mrefu bila kunigombeza, na ningependelea anigombeze.

Wazee walichelewa kukaa, na walipokaa walikuwa na mambo mengine. Mvua zikapita, na nyingine zikapita. Mwishowe mwalimu mwenyewe alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akasema amewabembeleza, wamekubali, tukachukue wimbo wetu. Nilimshukuru, na nilimaanisha. Tulipofungua stoo, tuliona bati lilikuwa linavuja juu ya meza. Mashine haikuwaka.

Mimi na kaka tuliifunga kwenye kanga tukaipeleka Tunduma kwa fundi niliyemfahamu tangu enzi za forodha. Akaitoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, akaiwekea sikio, akasikiliza inavyogonga. Akajaribu tena baada ya chakula cha mchana, halafu akaturudishia mkononi, akasema pole.

Tukakaa kwenye benchi la mama muuza chai, karibu na malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka. Kaka akasema, "Hebu uanzishe wewe, mimi nitaitikia." Nikafungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo yote. Lakini jinsi mama alivyokuwa akiyapandisha, na pale alipokuwa akivuta pumzi, sikukumbuka, na kila nilipojaribu ilitoka sauti ya pili, ile niliyoimba mimi miaka yote. Kaka naye alijua besi tu. Basi tukaimba kiitikio, kila mmoja sehemu yake, na kilipoisha tukakirudia, kwa sababu hatukuwa na kingine.