Nilivyoponya Kanisa Zima kwa Kalamu

Anayetaka kunicheka anicheke sasa amalize, kwa sababu ni kweli: ni mimi Nyawira, yule aliyekuwa akiuza uji karibu na msikiti wa Majengo, niliyeponya wagonjwa kumi na mmoja wa kanisa letu asubuhi moja ya Januari bila kumwombea hata mmoja, na mmoja wao hana mguu. Aibu niliipata, siikatai. Lakini habari imetembea mpaka ikafika kwa shangazi yangu Kiriaini ikiwa na mkia, ati nilisema Guka Ndirangu, babu yetu huyo asiye na mguu, anajifanya mgonjwa, na hilo sikusema, kwa hivyo nitaandika yote kama yalivyo kwa daftari yangu, hata yale yanayonionyesha mjinga (ambayo ndiyo mengi).

Kwanza mjue nilikuwa nasomea nini. Kazi yenyewe inaitwa coding, na upande wangu mimi wanauita risk adjustment. Kampuni za bima za Amerika hulipwa zaidi kwa mteja mgonjwa kuliko kwa mteja mzima, basi lazima mtu akae chini asome faili ya kila mgonjwa, aupe namba kila ugonjwa ambao daktari ameuandika, na ule ambao haukuandikwa auache, hata kama roho inamwambia upo. Mtu huyo anaweza kuwa popote, hata Nyeri, mradi apite mtihani. Mimi shule niliachia kidato cha pili, na nilipoanza nilidhani mtu ana figo moja. Kila jioni niliandika kwa daftari, "Nyawira, hii si kazi yako," na kila asubuhi nikarudi.

Nilirudi kwa ofisi ya kanisa, kwa sababu kompyuta sina. Kanisa liko na moja, kwa kachumba nyuma ya madhabahu, na Pasta Muriuki alinipa ufunguo nisomee hapo, na mimi kwa upande wangu niwe natunza orodha ya wagonjwa. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Bila ufunguo hakuna kompyuta, bila kompyuta hakuna masomo, na mtihani ulikuwa umebakisha wiki tano.

Hiyo orodha husomwa kila Jumapili, tunasimama, tunawaombea wagonjwa kwa majina, na akina mama wakitoka hapo wanajua wiki hiyo watapeleka chakula kwa nani. Ilikuwa na majina kumi na moja, yale yale tangu niijue, na mimi kila mwezi nayanakili tu kwa karatasi mpya kama mtu anayekama ng'ombe huku akiwaza mambo yake.

Sasa mwalimu wetu, Mwalimu Otieno, ambaye hatujawahi kumwona isipokuwa kwa kioo cha kompyuta, alitufundisha sheria moja ambayo wenzangu waliicheka na mimi nikaipigia mistari miwili. Alisema, "Tarehe moja Januari, wagonjwa wote wamepona. Hata aliyekatwa mguu, mguu umeota tena. Hakuna ugonjwa mpaka mtu amwone mgonjwa ana kwa ana mwaka huu, na aandike." Maana yake ni kwamba usinakili ugonjwa wa mwaka jana kwa uvivu. Mimi niliposikia hivyo nilijiona mimi na karatasi zangu.

Kwa hivyo siku moja kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwaka nikaamua (uamuzi mdogo, wa dakika moja, chai yangu ilikuwa bado moto) kwamba hata kanisa lianze mwaka vile kazi inavyotaka. Nikaandika juu kwa herufi kubwa, WAGONJWA WETU MWAKA HUU, chini yake nikaacha wazi, na huko mwisho kabisa nikaandika kwa herufi ndogo, "Majina yatawekwa wazee wakishawaona." Nikaiweka ndani ya Biblia ya mimbari kama kawaida. Nilikuwa nimepanga kumweleza Pasta asubuhi kabla ya ibada. Lakini asubuhi stima ilipotea sketi ikiwa nusu imepigwa pasi na nusu imejikunja, nikangoja irudi, haikurudi, nikafika kanisani na sketi ya nusu, wimbo wa pili ukiwa umeshika moto.

Ukafika wakati wa wagonjwa. Tukasimama. Pasta Muriuki akafungua karatasi, akaiangalia, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani (simlaumu, hata hayo maneno ya mwisho ningeyaandika kwa herufi kubwa). Halafu uso wake ukang'aa.

"Kanisa!" akasema. "Mwaka huu hatuna mgonjwa hata mmoja! Hata mmoja! Bwana asifiwe!"

Haki vigelegele vilivyopigwa! Mpiga kinanda akaingia bila kuitwa. Mimi nikainua mkono niseme kitu, na mama aliye kando yangu akadhani nashukuru, akauinua na ule mwingine. Pasta akawaita waliopona waje mbele watoe ushuhuda, na wakati huo ndipo tukasikia magongo, ko, ko, ko, na Guka Ndirangu akatokea safu ya tatu, pole pole, suruali ya upande wa kulia imekunjwa na kufungwa kwa pini. Mguu huo alikatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na kanisa lote ndilo lilimpeleka hospitali.

"Pasta," akasema, "na mimi pia nimepona?"

Pasta alikuwa bado ndani ya furaha. "Kwa imani, Guka, umepona!"

"Basi nionyeshe mguu yenyewe iko wapi, niivalishe kiatu. Duka haikubali kuuza kiatu kimoja. Niko na ya kulia nyumbani, mpya, haijawahi kukanyaga chini."

Kanisa likacheka, na kicheko kikiwa bado hakijaisha Mzee Gathogo, mwenyekiti wa wazee, akasimama na kuuliza orodha imeandikwa na nani. Waligeuka tu wote, kama mahindi kwa upepo, wakaniangalia.

Hapo ningesema "nimekosa, nisameheni," ningekaa chini na haya yote yangeishia hapo. Badala yake nilienda mbele na sketi yangu ya nusu nikashika maiki. Nikasema, na nanukuu daftari, "Kulingana na sheria, Guka leo hajakatwa mguu, mpaka mtu auone."

"Ati nini?" akauliza Guka.

"Haka kasichana kamesoma mpaka kakapitiliza," akasema Mzee Gathogo. "Tulikapa ufunguo ya ofisi, sasa kanatuponya kwa nguvu. Karudi kwa uji."

Walicheka tena, na wakati huu walikuwa wananicheka mimi. Nikashikwa na hasira, na kwa hasira nikasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani meza inifunike. Nikasema kwa maiki, "Hata wewe Mzee uko kwa hiyo orodha, na mkono wako ulipona zamani. Kila Jumapili nakuona ukiuinua ukiimba."

Mzee Gathogo alikuwa ameanguka kutoka juu ya mparachichi miaka minne nyuma. Alikaa chini tu, na kukaa kwake kuliniogopesha kuliko maneno.

Baada ya ibada waliniita ofisini, Pasta, Mzee Gathogo, na Guka kwa sababu ndiye aliyetendewa. Mzee akagonga meza mara moja. "Ufunguo."

Nilikuwa nimeufumbata ndani ya ngumi mpaka meno yake yakaniingia kiganjani. Kichwa kiliniambia Nyawira, wacha, hawa wanasema tu kile ambacho wewe mwenyewe unakiandika kila jioni. Lakini sijui ni nini kilinipata, mdomo ukasema, "Sitoi. Nilikosa kuwafuta watu kabla ya kuwaona. Lakini hiyo orodha hakuna mtu ameiangalia kwa miaka, hata nyinyi. Nipeni wiki moja niende kwa kila mmoja, niangalie, niandike. Nikirudi na uongo, ufunguo huu hapa."

Pasta akamwangalia Mzee. Mzee akaangalia dirisha. Guka ndiye aliyesema, "Aanzie kwangu. Na akuje na kalamu, si na maiki."

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwake. Hakunipa hata chai kwanza. Alifungua pini, akakunjua suruali. "Angalia vizuri. Usigeuze uso, si wewe ulitaka kuona?" Nikaangalia. Nikaandika tarehe, jina langu, na nilichokiona. Kiatu cha kulia kilikuwa kando ya kitanda, cheusi, kimepakwa rangi kiking'aa sawa na mwenzake. Nikamwomba msamaha, akasema ameupokea, ila nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. "Sasa mwaka huu niko mgonjwa rasmi," akasema, akaniwekea chai.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Shiko, msichana wa rika langu. Yeye alikuwa kwa orodha kwa kifua kikuu. Alinitolea karatasi ya hospitali: dawa alimaliza miaka mitatu iliyopita, kifua kisafi. "Kila Jumapili mnanitaja," akaniambia. "Kwa mikutano ya akina mama kikombe changu huwekwa kando peke yake. Ile Jumapili Pasta alisema hakuna mgonjwa, mimi sikucheka, Nyawira. Nililia." Nikaandika tarehe, na chini yake: amepona, karatasi nimeiona.

Mzee Gathogo nilimwacha mwisho, na nikiri (ni lazima nikiri) kwamba nilienda huko nikitaka kushinda. Nilimkuta akikama. Ndoo ilikuwa katikati ya magoti, mkono wa kushoto ukifanya kazi, na wa kulia, ule wa mparachichi, umelala mapajani, vidole havikunjiki. Nilisimama hapo nikahesabu ni Jumapili ngapi nimemwona akiinua mkono, na kumbe kila mara ni huo huo wa kushoto.

"Uliona mkono ukainuka," akasema bila kugeuka. "Hukuuliza ni gani."

Niliandika: mkono wa kulia haujapona, Januari hii, nimeuona mwenyewe. Chini yake nikaandika, "Nilikosea, na nilikosea mbele ya watu." Nikamsomea yote mawili. Akamaliza kukama kwanza.

"Na hilo la chini utalisoma wapi?"

"Mbele ya watu, Mzee."

"Basi ufunguo ukae nao. Kwa sasa."

Jumapili iliyofuata nilisoma mimi, sketi ikiwa imepigwa pasi pande zote. Nilisoma kosa langu kwanza, halafu majina kumi. La Mzee lilikuwemo. La Shiko halikuwemo, na nikasema wazi kwamba alipona na karatasi nimeiona, na baada ya ibada alikunywa chai kwa kikombe kilichotoka kwa rundo moja na vya wengine.

Wengine bado wananiita Daktari wa Januari. Waniite tu. Mtihani ni wiki ijayo, na nikianguka nitaurudia, na nikianguka tena nitaurudia tena, lakini kwa uji sirudi kwa sababu ya kuchekwa. Kitu kimoja tu ndicho sitakifanya maishani: kumfuta mtu au kumnakili kabla sijafika mlangoni kwake. Guka ameshaniwekea miadi ya Januari ijayo, nije mapema na kalamu, tuangalie kama mguu umeota.