Jogoo Ambaye Profesa Hakumtazama

Mume wangu Eliya alifundisha udaktari wa mifugo chuo kikuu mpaka akastaafu, kisha akanirudisha Mwankoko kwenye alizeti na kuku, akidai kwamba sasa anapumzika. Muongo. Mtu anayepumzika hakai barazani tangu asubuhi akisoma maandishi ya watu asiowajua huku uji wake unapoa.

Nieleze kazi yenyewe, maana hata dada zangu hawaielewi. Mwalimu wa chuo kikuu akiomba kupanda cheo, wakubwa zake hawamhukumu peke yao. Huchukua tafiti alizoandika wakazipeleka kwa maprofesa wa nje, watu ambao hawajafanya naye kazi wala kugombana naye, wakawauliza kama anastahili. Mwombaji haambiwi ni nani anayemsoma. Na anayesoma haruhusiwi kukutana na mwombaji wala ndugu zake mpaka mambo yaishe. Eliya anaipenda kazi hiyo kuliko alivyopenda kufundisha. Hunawa mikono kabla ya kufungua karatasi za mtu, kama anakwenda kula.

Mimi siku zote namwambia kwamba amezidi. Kuna mwaka alirudisha kazi za kijana mmoja bila kuzisoma, eti baba yake aliwahi kumuuzia baiskeli. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye hakuona cha kuchekesha.

Basi mwaka juzi, kiangazi kilipokuwa kimeanza kukausha majani, aliletewa kazi za mwombaji mmoja kwa kompyuta. Macho yake hayawezi tena kusoma kwenye kioo, kwa hiyo akaenda mjini kwenye duka la kuchapisha karatasi, akaomba herufi kubwa. Hapo ndipo mwenye tahadhari zote alipopotea njia. Binti wa dukani, Happiness, alikuwa mtu wa Kinampanda, na karatasi zilipoanza kutoka kwenye mashine akaona jina la dada yake wa ukoo, Dokta Severina, anayefundisha chuo kikuu kimoja cha mbali na ambaye ukoo mzima ulijua kwamba anaomba cheo. Happiness alifurahi. Mzee mwenye miwani minene, anayeitwa Profesa na mji mzima, anasoma kazi za Severina! Kabla Eliya hajafika nyumbani, simu ilikuwa imeshapigwa Kinampanda.

Siku chache baadaye, mbwa walibweka nikatoka getini. Alikuwepo mama mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, amezeeka vizuri, amevaa kitenge cha kutokea na viatu vilivyopakwa vumbi la barabarani. Kwenye kikapu chake alichungulia jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hapa ndipo kwa Profesa?"

Nikamkaribisha. Tulipofika barazani akamwambia Eliya, kabla hata ya kukaa, "Mimi naitwa Rahabu. Ni mama yake Severina wa Kinampanda."

Nimeishi na mwanamume huyu tangu sina mvi, na sijawahi kumwona akiruka namna ile. Alizikusanya karatasi zote, akazisukuma chini ya mto wa kiti, akazikalia. Ndipo akakumbuka adabu, akainuka nusu akaamkia, akakaa tena haraka. Mama Rahabu akamtoa jogoo kikapuni na kumshika mbele yake kwa mikono miwili. Eliya akageuza kiti akaelekea ukutani.

"Nimemletea Profesa jogoo," alisema mama. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejifunza maneno njiani. "Sikuja kuomba kitu. Kwetu mtu akimsemea mtoto wako mbele za wakubwa, humwachi aende hivihivi. Mwanangu walishamkatalia mara moja. Mtu wa nje alisema hayo aliyoyafanya kule vijijini si utafiti, ni kuzungukazunguka na akina mama. Ameniambia wakimkatalia tena anaacha, anarudi kukaa nyumbani. Sitaki arudi ameinama. Ndiyo hayo tu."

Ukuta ule hauna kitu. Hauna hata kalenda. Eliya aliutazama kana kwamba umeandikwa.

Nilijua shida yake. Akisema "si mimi" atakuwa amedanganya, naye hajui kudanganya hata watoto wadogo. Akisema "ni mimi" atakuwa ametoa siri. Akipokea jogoo, kila neno jema juu ya Severina litanuka. Hata kumtazama tu aliogopa, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, kwa sababu kazi za Severina zilikuwa za kuku: jinsi akina mama wa vijijini, wakiwemo wa Kinampanda, wanavyoweza kufundishwa kuchanja kuku wao wenyewe dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaopita kila mwaka na kufagia banda zima. Kuku wa Kinampanda alikuwa ushahidi, na ushahidi ulikuwa haujapitia chuoni.

Lakini Mama Rahabu hakujua hayo. Aliona mgongo wa mtu. Mikono yake ikaanza kushuka pamoja na jogoo, na uso wake ukasinyaa nikaona haya kwa ajili ya nyumba yangu.

"Kama jogoo ni mdogo..." alisema.

Ndipo Eliya, mtu asiyejua mzaha, akaongea na ukuta: "Si mdogo, mama. Ni Mnyiramba. Jogoo wa Kinyiramba akiwika hapa, majogoo wangu hawatamwelewa hata neno moja. Mrudishe kwanza akajifunze Kinyaturu."

Nilishika mlango. Mama Rahabu akamtazama mgongoni, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alijua anakataliwa, lakini alikuwa amekataliwa kwa utani, na sisi Wanyaturu na Wanyiramba tunataniana tangu enzi za mababu, msibani na harusini. Mtu anayekutania hajakudharau.

"Nimesikia Wanyaturu ni wachoyo," alijibu, "lakini huyu mchoyo mpaka kupokea anaogopa, asije akatakiwa kurudisha."

"Umenijua, mtani," alisema Eliya.

Nikampikia mama ugali wa uwele na mlenda. Eliya aliruhusu chakula, eti mradi sisi ndio tunaotoa. Alikula akiwa ameketi juu ya karatasi zake, ameelekea ukutani, na mama akila nyuma yake, wakitupiana maneno. Jogoo alifungwa kwenye mguu wa meza. Nilimkagua vizuri mimi, kwa kuwa sina kiapo na mtu. Alikuwa na miba mirefu miguuni, iliyojikunja kama ya jogoo mzee.

"Mtazame basi miguu yake," nilimnong'oneza Eliya. Akaziba masikio.

Mama alipoondoka na kikapu chake nilidhani yamekwisha. Nikamwona Eliya amefungua kompyuta.

"Unaandika nini?"

"Naandikia kamati ya chuo chao kwamba mama wa mwombaji alikuja hapa."

"Lakini hukuchukua kitu!"

"Ndiyo. Nitaandika hivyo pia."

Nilimwambia maneno mengi siku ile, na sijutii hata moja. Nilimwambia anamponza mtoto wa watu kwa ajili ya jogoo ambaye hata unyoya wake hajauona. Nilimwambia mama yule alipanda basi na kuja kwa upendo, na yeye anaugeuza upendo kuwa kesi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mama Zefania, nilikuwa nimemaliza kuandika. Nilikuwa nimeandika vizuri juu yake. Sasa siku moja mtu akisikia kwamba mama yake alikuja hapa na jogoo, atasema Severina alipandishwa na jogoo. Nataka apande kwa miguu yake."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo kwa kelele.

Kamati ikamshukuru, ikachukua kazi za Severina ikampelekea profesa mwingine. Maana yake ni kwamba kila kitu kilianza upya. Kiangazi kikaisha, watu wakapanda, mvua zikaja, na hakuna habari. Nilipopita dukani kwa Happiness alinikwepa macho, kisha akashindwa kuvumilia. Alisema Severina ameambiwa sababu ya kucheleweshwa, na amemweleza mama yake. Tangu hapo Mama Rahabu hali vizuri. Anasema yeye ndiye aliyemwangusha mwanawe.

Nilimfikishia Eliya maneno hayo makusudi, nikiwa nimeshika mwiko. Alitoka akaenda bandani kwa kuku wake na kukaa huko mpaka jua likawa kali. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hafanyi chochote. Nilikuwa nimekwenda kumsema. Nikakaa naye tu, maana nilimwonea huruma. Nampenda mtu huyu, hata anaponichosha.

Alizeti ilikuwa imeshavunwa ndipo mbwa wakabweka tena. Getini alikuwepo Mama Rahabu, na pembeni yake mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na urefu uleule. Nilijua ni nani kabla hajaniamkia. Kikapu kilikuwa kilekile.

"Profesa yupo?" aliuliza mama. "Mwambie jogoo wake amekuja. Kinyaturu bado kinampa taabu, lakini anajitahidi."

Severina alikuwa amepandishwa. Mhadhiri mwandamizi, barua mkononi, mambo yote yamefungwa. Eliya alitoka, akasimama kwenye mlango wa baraza, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa hili: "Siyo mimi, mtani. Usinishukuru mimi. Aliyemsemea ni mtu mwingine, hata mimi simjui."

"Najua," alisema Mama Rahabu. "Severina amenieleza yote. Nilikukasirikia mpaka nikaumwa. Halafu huyu akaniambia kwamba cheo chake hakuna mtu atakayekinyooshea kidole. Basi nikamlisha jogoo."

Severina alimwamkia Eliya akiwa amepiga magoti kidogo, kama anavyoamkiwa baba. Hakuuliza kama aliwahi kumsoma, wala Eliya hakumwambia. Hata sasa hangemwambia. Nilidhani tutakunywa chai na maneno yataishia hapo.

Lakini Eliya alikwenda kunawa mikono.

Aliporudi alivaa miwani, akamchukua jogoo mikononi mwa mama, akakaa naye mapajani. Safari hii kiti hakikuelekea ukutani. Alimfunua macho moja baada ya jingine. Alimtazama ndani ya mdomo, akampapasa kifua, akainua mabawa. Halafu akashika ile miba ya miguuni, akaipima kwa kidole gumba.

"Huyu ni mzee," alisema. "Kideri kimempita mara nyingi. Nani anamchanja?"

"Mimi mwenyewe," alisema mama. "Tone moja jichoni."

"Severina alikufundisha?"

Mama Rahabu akaguna. "Huyu? Alipokuja na mafunzo yake pale kijijini alinikatalia. Eti mama wa mtafiti haruhusiwi, ataharibu hesabu. Ninyi watu wa vyuo ni wamoja. Nilifundishwa na jirani yangu Rahel, mafunzo yalipokwisha na huyu ameshaondoka zake. Na mimi nikamfundisha mke wa mchungaji, naye akawafundisha akina mama wa kwaya."

"Mama," alisema Severina, "hukuniambia."

"Uliniuliza?"

Eliya alimwachia jogoo taratibu, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Mimi ndiye niliyejua kilichompata, kwa sababu ile ripoti yake ambayo haikwenda kokote nilikuwa nimeisoma, akiwa bandani siku ile. Alimsifu Severina katika kila ukurasa, na mwishoni akaweka shaka moja tu: kwamba hakuna anayejua kama akina mama wataendelea kuchanja mtafiti akishaondoka. Jibu lilikuwa limefungwa kwenye mguu wa meza yetu siku ile ya kiangazi kilichotangulia, na yeye akatazama ukuta.

Hakumgeukia Severina. Alimgeukia mama.

"Mtani," alisema, "safari ile ulikuja kutoka mbali na mimi nikakupa mgongo. Sasa nimemtazama. Mwanao alichoandika ni kweli. Mimi nasema hivyo, Eliya, na leo hakuna wa kunizuia."

Mama Rahabu hakutania tena. Aliketi kwenye mkeka, akajifuta uso kwa kitenge, na Severina akakaa karibu naye akaegemeza kichwa begani mwa mama yake, mtu mzima na cheo chake. Eliya alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mikono. Nikampa jogoo amshike, nami nikaenda kubandika maji ya chai.