Nyumba Kumi za Missouri City

Mwaka 2018 nilinunua bastola. Naisema hiyo haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Kwa miaka mingi kabla ya hapo, kwenye kila nyama choma ya Watanzania wa Houston, mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kuwacheka wenye silaha. Nilimcheka hasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa akija kutoka Fort Worth na bastola kiunoni, kana kwamba ng'ombe tuliyemchoma angeweza kufufuka.

Majirani zangu wa Missouri City, mji wa pembeni ya Houston, hawakuwahi kuniuliza hali kwa miaka sita, lakini wana kikundi cha simu cha kupeana tahadhari. Wiki moja wakaandika siku tatu mfululizo: kuna mwanaume wa kutiliwa shaka, anatembea kwa miguu, ana fimbo, anasimama mbele ya nyumba za watu. Siku ya nne nilikuwa duka la bunduki, mimi na shahada zangu mbili.

Fomu iliniuliza kama natafutwa na polisi na kama nina wazimu. Nikajibu hapana, wakaniamini. Muuzaji akagusa kompyuta, tukazungumza kidogo kuhusu joto, kisha akanikabidhi mfuko. Chipsi mayai huchukua muda mrefu zaidi. Niliificha juu ya kabati la chumba cha wageni, ndani ya boksi la viatu, nikasahau kwamba wageni huja.

Mgeni alikuwa mama yangu, kutoka Morogoro, kwa miezi mitatu. Mama alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa muda mrefu kuliko baadhi ya marais. Huko kwetu, anayetaka kumiliki bunduki huanza kwa watu wanaomjua, na mtaani kwetu wa kwanza kuulizwa alikuwa mama. Kuna jirani aliyeomba gobore la kufukuzia ngedere shambani. Mama alimkatalia barua ya utambulisho kwa sababu aliwahi kumpiga mtu kibao kwenye mchezo wa drafti.

Saa moja baada ya kufika alitoka chumbani akiburuta begi lake, halijafunguliwa hata zipu.

"Mimi na mwenzangu wa kwenye boksi hatulali chumba kimoja. Nani alikuandikia barua?"

"Mama, hapa hakuna barua."

"Basi mnipeleke Fort Worth."

"Fort Worth ziko bastola nne, mama," mke wangu akasema, bila huruma yoyote kwa kaka yake, aliyekuwa amekaa hapohapo na sahani ya pilau.

Mama akakaa juu ya begi. "Basi tukae kikao. Tukimkubali huyu awe na bunduki, nitafutieni tiketi ya kurudi. Tukimkataa, nafungua begi."

Shemeji akajifuta mdomo. "Mama, Texas kujilinda ni haki. Imeandikwa kwenye katiba."

"Haki sijaikataa, mwanangu. Namuulizia huyu mmoja. Ana hasira?"

Nilimtazama mke wangu kwa macho ya ndoa ya miaka kumi na saba. Hayakunisaidia.

"Juzi karusha rimoti kwa sababu ya mpira, mama. Picha yetu ya harusi haina kioo mpaka leo."

"Rimoti iliteleza," nikasema.

"Iliteleza mpaka ukutani," akasema shemeji, wakili wangu.

"Na huyo adui alikuwa nani?" mama akauliza.

Nikaeleza habari za mwanaume wa fimbo. Binti yetu wa miaka kumi na mitatu akainua kichwa kutoka kwenye simu yake.

"Dad, that was you."

"Anasema nini?" mama akauliza.

Binti akarudia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Bibi, ni yeye. Daktari alimwambia a-walk. Kuna picha."

Kulikuwa na picha kwenye kikundi, chini ya ujumbe ambao sikuusoma hadi mwisho. Kofia yangu, fimbo yangu ya kutishia mbwa, na mimi nimesimama mbele ya nyumba ya mtu nikipumzisha goti. Shemeji alicheka mpaka akaomba maji.

Mama hakucheka. "Na hao walioandika, wao wana bunduki?"

"Wengi wao," nikasema.

"Na wanakujua?"

Shemeji akaacha kucheka. Mke wangu akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Kesho yake niliirudisha dukani. Muuzaji hakuuliza sababu. Aliuliza tu kama nilikuwa nataka kubwa zaidi. Niliporudi nyumbani khanga za mama zilikuwa zimejaa kabatini, na mwenyewe alikuwa amevaa viatu.

"Acha fimbo. Twende tukasalimie nyumba kumi."

"Mama, hapa watu hawaendi tu kwenye nyumba za watu."

"Ndiyo maana hawakujui."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ile ya kwenye picha. Kamera ndogo ya mlangoni ikawaka taa, na sauti ya mwanaume ikauliza kitu.

"Anasemaje?"

"Anauliza tunataka nini."

"Mwambie wewe ndiye unayepita hapa, na mimi ni mama yako."

Nikasema, mikono yangu yote miwili ikiwa mahali inapoonekana. Kamera ikanyamaza. Tulisubiri pale, mama akiwa ameshanitangulia hatua moja, kwa muda mrefu kuliko niliosubiri kupewa bastola.